Kisu cha Mjapani na Vitunguu vya Harusi

Stambuli alikuwa na vitu viwili duniani: maneno matamu na kisu kimoja. Maneno alizaliwa nayo huko kwao Pangani; kisu alikipata Dar es Salaam, kwa mpishi wa meli aliyeshindwa karata. Kilikuwa cha Kijapani kweli, chembamba kama jani la mchaichai, mpini wa mti mweupe, na ubavuni kina maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, hata Stambuli mwenyewe, ingawa aliwasomea watu kila siku.

Reli ya Mdachi ilipofika Morogoro, naye akashuka nayo. Pale kwa muuza kahawa, mtaa wa Mwembesongo, akawakuta wanaume wakiwasifu Wajapani kwa jinsi walivyomtandika Mrusi baharini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Mjapani, na hilo lilimfurahisha sana. Akamaliza kahawa yake, akaaga kwa adabu, akapanda milimani kutafuta mhunzi.

Mhunzi, Pazi jina lake, alikuwa mtu asiyependa maswali. Alimfulia gunia zima la visu kutokana na mikanda ya chuma ya mapipa ya saruji, akavichora ubavuni mikwaruzo ya kutia heshima. Kwa macho, vilifanana na kile cha kweli. Kwa kukata, vilikuwa visu vyenye huruma, havikumdhuru kiumbe.

Kazi ikawa nyepesi. Stambuli alikata nyanya kwa kisu cha kweli bila kuikandamiza, kisha akakata kitunguu macho makavu, akieleza kwamba kisu cha Mjapani hakimlizi mtu. Mnunuzi akishalainika, Stambuli alikifunga kisu katika jani kavu la mgomba kwa mafundo matatu, na kabla ya fundo la pili cha kweli kilikuwa kimekwishaingia katika mkono wa kanzu, cha pipa kimechukua nafasi yake. Sharti lilikuwa moja: kisifunguliwe mpaka Ijumaa, chuma kizoee hewa ya milimani. Ijumaa ikifika, Stambuli yuko mtaa mwingine. Lakini kile cha kweli hakukiuza kamwe. Bila hicho angekuwa mtu wa kawaida mwenye gunia la vyuma, na hakuna kitu alichokiogopa kama kuwa mtu wa kawaida.

Ndipo akasikia habari za Bi Mwanaasha, mpishi mkuu wa harusi za mjini, Mluguru mwenye jicho kali kwa kila kitu cha bure. Alikuwa anamwoza mpwawe Hidaya, naye alitaka kukata nyama ya harusi hiyo kwa kisu ambacho mji mzima utakisimulia.

Stambuli alipoingia uani akaona kuku yuko jikoni, na njaa ikampa shauri baya. Akajitangaza kuwa yeye Mnyamwezi. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani haoni haya: anaingia bila hodi, anatukana asichukiwe, anakula asichokaribishwa. Akawauliza wanawake kama Waluguru waliozoea magimbi wanamjua kuku au wanamsikia tu. Wakacheka. Akafunua chungu, akajitwalia paja, akalila mpaka mfupa.

Kisha akatandaza visu mkekani, akakata nyanya, akakata kitunguu. Bi Mwanaasha akaomba arudie. Akarudia. Alipotaka kufunga, mama yule akainama, akakiokota kisu cha kweli.

"Hicho cha maonyesho, bibi, kimechoka," Stambuli akasema. "Chukua kipya."

"Hivyo vipya kuku wanavikanyaga na wewe hugeuki. Hiki, kila ukikiweka chini, mkono wako unakifuata. Visu vya Kijapani sivijui, mtani, lakini nilikuwa nautazama mkono wako." Akakichomeka kwenye kanga kiunoni. "Na mtani hanunui. Anachukua, kama wewe ulivyochukua paja."

Stambuli akapiga hesabu upesi. Akisema yeye si Mnyamwezi, basi paja ni la wizi, na majani ya mgomba yataanza kufunguliwa nyumba hadi nyumba. Boma halikuwa mbali, na kiboko cha Mdachi hakina utani. Kwa hiyo alicheka, kwa maumivu makubwa, akauliza akikomboe kwa nini.

Bi Mwanaasha akamwambia akate vitunguu vyote vya harusi, kwa kisu chochote katika vile vyake. "Si umesema havimlizi mtu?"

Vitunguu vilishuka kutoka milimani kwa matenga. Stambuli alivikata kwa mkanda wa pipa, au tuseme alivipondaponda, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Pembeni yake Bi Mwanaasha alikuwa akichana nyama kwa kisu cha Kijapani huku akiimba. Wageni waliguswa sana. Walisema hawajawahi kuona mtani mwenye uchungu hivi na binti wa watu. Hidaya mwenyewe alimpelekea maji.

Sherehe ilipokwisha, Bi Mwanaasha akatimiza ahadi mbele ya wote. Alikifunga kisu palepale, jani kavu la mgomba, mafundo matatu, kama majirani walionunua walivyomsimulia, Stambuli akiangalia kwa macho yaliyovimba kama maandazi.

"Usikifungue mpaka Ijumaa," akamwambia. "Kizoee hewa ya pwani."

Stambuli alikikumbatia kifurushi kama mtoto aliyepotea akapatikana, akadandia gari la moshi la asubuhi. Kufika stesheni ya Ngerengere, uvumilivu ukawa umemwishia. Akafungua. Ndani kulikuwa na kile kile alichokatia vitunguu, tena bado kinanuka. Akalia, safari hii bila kitunguu mkononi.

Mama mmoja aliyeketi karibu na kikapu chake cha mboga akampa pole, akamuuliza yeye ni mtu wa wapi.

"Pangani," Stambuli akasema upesi. "Baba Pangani, mama Pangani. Utani na mtu sina."