Pini ya Zama za Mfalme Edward

Asubuhi moja ya mwaka hamsini na sita, Seifu alipita mbele ya duka la maharage la Mama Josepha pale Kariakoo, akasimama ghafla kama aliyekanyaga msumari. Mama huyo wa Kibosho alikuwa akipima maharage kwa debe, jasho linamtoka, na blauzi yake imefungwa kifuani kwa pini. Na pini yenyewe, jamani, haikuwa ya kufungia blauzi.

Mjini walimwita Seifu Zama. Alikuwa amefagia karakana ya sonara mmoja miaka minne, na kwa kuchungulia tu akajua kwamba mapambo ya Wazungu yana zama zake. Za Malkia Viktoria ni dhahabu, maua, nyoka, na nywele za marehemu zilizosukwa ndani ya vidani. Za mwanawe Edward ni madini meupe, ghali kuliko dhahabu, yaliyotobolewa kama lesi, mashada ya majani na almasi ndogondogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja mistari iliyonyooka na pembe kali, kama mitaa ya Kariakoo yenyewe. Elimu nzuri kabisa, na Seifu aliitumia kuibia watu.

Alikuwa na kidani kimoja cha kweli cha zama za Viktoria, alichokipata kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mteja alionyeshwa hicho, akakishika, akakiuma, akasomeshwa. Wakati wa kufungiwa kwenye karatasi, vidole vya Seifu vilimpa pacha wake wa shaba. Kidani hicho alishakiuza mara kumi na moja, na bado kilikuwa mfukoni mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Debe ngapi?"

"Maharage baadaye. Hiyo pini umeipata wapi?"

"Hii? Marehemu mama alipewa na bibi mmoja Mzungu wa shamba la kahawa. Ina nini?"

Seifu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari mbele ya mgonjwa wa kuzikwa Ijumaa. "Nakuonea huruma tu, mama. Hiyo ni ya zama za Mfalme Edward. Siku hizo dhahabu iliadimika, wakawa wanatumia bati. Ndiyo maana ni nyeupe."

"Bati! Na mimi naivaa kanisani!"

"Hebu niione."

Mama Josepha akaifungua, akampa. Seifu hakupoteza muda na uso wa pini, aliigeuza. Uso humdanganya mtu, mgongo ndio husema kweli. Nyuma akakuta kindoano cha kizamani, kile cha kabla watu hawajabuni kifungo cha usalama, na sindano ndefu inayochungulia nje ya ukingo. Moyo ukamruka. Kweli, mkono ulimnong'oneza kwamba ilikuwa nyepesi kidogo, lakini Seifu hakuwa na nafasi ya kuzungumza na mkono.

"Nikusaidie," akasema. "Nikupe shilingi thelathini, niiyeyushe."

"Hela ya nini? Hela ninayo, iko kwenye magunia haya. Mimi nataka cha njano, kinachoonekana mpaka viti vya nyuma. Halafu kuna bwana mmoja wa Upanga anaitaka hii, anakuja saa kumi."

Kusikia kuna mtu wa Upanga, Seifu akatoa kidani. Akakifungua, akaonyesha nywele zilizosukwa ndani, akataja Viktoria mara tatu. Mama Josepha akakiuma. Akakigeuza, akakitazama mgongo muda mrefu.

"Basi tubadilishane."

"Nikufungie kwenye karatasi," Seifu akasema haraka, mkono mmoja tayari mfukoni kwa pacha wa shaba.

"Karatasi ya nini, baba? Nakivaa hapa hapa." Na kidani kikawa shingoni mwake.

Seifu akakitazama kikizama kwenye shingo ile nene, roho ikamuuma. Lakini pini moja ya almasi ingenunua vidani vingapi? Akaaga, akatembea polepole mpaka kona, kisha akakimbia.

Sonara Ratilal aliiweka pini chini ya kioo chake cha jicho, akacheka.

"Nilijua tu itarudi. Nimeitengeneza mimi, wiki iliyopita."

"Wewe?"

"Fedha na vipande vya kioo. Mama mmoja wa maharage aliniletea picha kutoka gazeti la Kizungu. Akasisitiza nyuma niweke kindoano kuukuu, nikakitoa kwenye pini iliyovunjika. Anasema mdogo wake alifundishwa na mtaalamu fulani wa soko kwamba mgongo ndio husema kweli. Saa nzima alimfundisha, mpaka akamlia mshahara wa miezi mitatu."

Seifu akajaribu kukumbuka. Kumi na mmoja ni wengi.

Alirudi Kariakoo mbio, ameshajiandalia maneno ya polisi. Njiani akagundua kwamba hayo maneno hayasemeki. Angeanzaje? Bwana askari, nilikuwa namwibia mama huyu, akaniwahi?

Dukani alikuta wateja sita na dada mmoja mwembamba, amevaa gauni jeupe la wauguzi. Kidani kilikuwa shingoni mwake. Hapo Seifu akamkumbuka: Severa, aliyeuliza maswali mengi kuliko wale kumi na mmoja wote.

"Karibu, mwalimu," Severa akasema, tena kwa adabu. "Umekuja wakati mzuri. Hawa jirani zetu wanasema changu ni shaba, kwa sababu kile cha kwanza kiliniacha shingo ya kijani. Hebu waambie. Hiki ni cha zama gani?"

Wote wakamgeukia. Mama Josepha alikuwa ameegemea mzani wake, ametulia, kulabu ya magunia mkononi.

"Cha Malkia Viktoria," Seifu akasema.

"Hawajasikia wa nyuma."

"Cha Viktoria! Dhahabu tupu!"

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni wewe, dada. Ulikinunua kwangu."

"Ahsante," Severa akasema. "Dada, mpimie mwalimu kibaba cha maharage. Ametoka mbali mbio."