Jogoo Asiyewika

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amehamia kwa dada yake. Hatujagombana. Ni Kipaza, jogoo wangu. Mke wangu ni muuguzi na yuko zamu ya usiku. Akirudi asubuhi anataka kulala, na Kipaza anawika mpaka adhuhuri. Nilijitahidi. Kila nusu saa nilifungua mlango wa chumbani nikamwuliza taratibu kama jogoo amemwamsha. Kila mara nilimkuta macho, maskini. Leo amefungasha nguo zake, akasema nikipata dawa ya kelele nimwite. Nyumba imepwaya. Nimemimina chai vikombe viwili kwa mazoea, nikanywa vyote.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata! Nitazalisha majogoo wasiowika. Kazi ni kuchagua mzazi tu. Ninaye Bwana Kimya, jogoo kijana, mwili mkubwa, upanga mwekundu kichwani, na hajawahi kuwika hata kwa bahati mbaya. Kipaza nimemfunika kwa tenga asikaribie mitetea. Sasa anawika maradufu. Mitetea yote minne ni ya Bwana Kimya. Jirani, fundi redio, kachungulia juu ya ukuta, kauliza mbona huyo jogoo ana mkia wa kike. Wivu. Kuku wake mwenyewe wana utitiri.

Jumapili, 16 Machi
Mtetea mweusi ameanza kuatamia. Nimemwekea mayai tisa, na siku ishirini na moja nimezichora ukutani kwa chaki. Bwana Kimya sijamwona akimpanda mtetea hata mmoja. Ana haya, nami nazidi kumpenda. Jioni mke wangu amepita kuchukua viatu vya kazi. Amekaa kidogo, akanikata kucha za mkono wa kulia, maana mimi hujikata ovyo. Nusura nimwombe arudi. Nikajikaza. Nataka arudi kwenye nyumba tulivu.

Ijumaa, 28 Machi
Kipaza amepindua tenga mara tatu leo. Kumchinja siwezi, nimemlea tangu anatoka kwenye yai. Ndipo likanijia wazo. Shemeji amemhifadhi mke wangu karibu mwezi mzima, na sijampelekea hata asante. Basi nimempelekea Kipaza! Nimemfunga kamba mguuni uani kwake, chini ya dirisha lenye kivuli kizuri. Mke wangu alikuwa ametoka. Shemeji kafurahi sana. Nimejipongeza njia nzima.

Jumapili, 30 Machi
Saa tatu asubuhi mke wangu kaingia na sare ya kazi, macho mekundu, Kipaza kwapani. Kumbe lile dirisha ni la chumba anacholala yeye. Ningejuaje? Anasema shemeji alikuwa ameshabandika maji ya kumnyonyolea, naye mke wangu akashindwa kuvumilia, kwa sababu aliniona mimi nikimnywesha huyu jogoo maji kwa kijiko alipougua. Kisha akasema hivi. Kelele za Kipaza alishazizoea tangu miaka miwili. Analala naye akiwika kama anavyolala mvua ikinyesha. Aliyekuwa akimwamsha ni mtu anayefungua mlango kila nusu saa kumwuliza kama ameamshwa. Hakutaka kuniambia, nilivyokuwa nafungua kwa upole. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu akanikumbatia, Kipaza katikati yetu. Nimemkosa sana huyu mwanamke. Nimemwambia hivyo hivyo.

Jumatano, 2 Aprili
Bwana Kimya ametaga. Yai dogo, la moto, mke wangu ndiye aliyelikuta. Amecheka mpaka akakaa chini. Fundi redio kasikia kicheko, kachungulia, kaliona yai mkononi mwake. Karudi zake kwenye redio. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 6 Aprili
Mayai manane viza. Moja limeanguliwa. Kifaranga ana kidole kilichopinda, vilevile kama cha Kipaza. Kumbe mtetea huweza kuhifadhi mbegu ya jogoo siku kadhaa. Mke wangu amempokea kiganjani, akampulizia manyoya yakauka. Nimesimama namtazama yeye, si kifaranga. Nimeapa mbele yake: sitafungua tena mlango ule akiwa amelala.

Jumatano, 9 Aprili
Kifaranga ana siku tatu. Nimekaa naye tangu alfajiri, nikisikiliza. Hajawika hata mara moja! Baba yake anapasua anga, yeye kimya. Bila shaka ni kule kuatamiwa karibu na Bwana Kimya. Nimemaliza kuchora banda jipya. Nimechungulia dirishani, mke wangu kalala fofofo, mkono ameunyoosha upande wangu wa kitanda. Lakini habari kama hii haiwezi kungoja adhuhuri. Nimefungua mlango taratibu sana, nikamwuliza kama amelala.