Nahodha na Pasipoti ya Mama Mizani

“Mtu wa kunitapeli mimi bado hajanunuliwa nepi,” alisema Nahodha, akapuliza vumbi juu ya mashine ya fotokopi kama anayezima mshumaa wa sherehe yake mwenyewe.

Dada wa Fotokopi aliinamia kazi yake. Alikuwa anapitisha kipeperushi kwenye mashine ya leminesheni, na mashine ile ukiiondolea macho kidogo inakutafunia kazi. Kilipotoka upande wa pili kikiwa cha moto na kinang’aa, alikipepea, akamkabidhi.

“Nahodha, hivi hiki wewe umekisoma?”

“Muuza viatu anavaa vyote?”

Basi ndivyo alivyokuwa. Na kabla hatujaenda mbali, tuelewane: Nahodha hakuwa nahodha. Chombo kikubwa alichowahi kukiendesha ni baiskeli, tena ya kukodi, na maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni. Ila alikuwa na sauti nzito, shati jeupe lenye vipande vya dhahabu mabegani, na chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Humo mlikuwa na meza, feni iliyokataa kugeukia upande wa kulia, na picha ya meli yenye ukubwa wa mtaa mzima. Mlangoni palibandikwa tangazo: USHAURI WA NYARAKA NA MIPANGO YA SAFARI ZA MELI ZA STAREHE.

Meli zenyewe zilikuwepo kweli. Kila baada ya wiki kadhaa moja ilitia nanga bandarini, nyeupe, madirisha elfu, na watu wa mjini walisimama ukutani kuitazama mpaka shingo zikauma. Nahodha hakuitazama meli. Aliwatazama wanaoitazama. Aliyemeza mate mara mbili, huyo ndiye mteja.

Ustadi wake ulikuwa mmoja tu, na nitausema kwa heshima zote unazostahili. Mteja akiingia, Nahodha aliomba pasipoti kwanza, salamu baadaye. Akaifungua ukurasa wa picha, akatazama tarehe ya mwisho. Ikiwa imebakiza mwaka au zaidi, alisikitika: “Meli imejaa, ndugu yangu, jaribu mwakani.” Ikiwa imebakiza miezi minne, mitatu, miwili, uso wake ulikunjuka kama nguo iliyopigwa pasi. “Una bahati! Kimebaki chumba kimoja, chenye kibaraza kinachotazama maji. Nusu bei.”

Mteja alilipa yote. Kisha, siku mbili kabla ya safari, Nahodha alimwita kwa “ukaguzi wa mwisho”. Alivaa miwani isiyokuwa na nguvu yoyote, akafunua pasipoti polepole, akashika kifua.

“Mungu wangu. Haina miezi sita baada ya tarehe ya kurudi! Bila miezi sita meli haikupokei, hata ungekuwa mfalme. Na pesa hairudi, masharti ukurasa wa kumi na tisa.”

Uzuri wake ni huu: sheria ya miezi sita si uongo. Ukimuuliza yeyote aliyesafiri atakuambia, nchi nyingi na meli nyingi zinaidai. Kwa hiyo mteja hakumlaumu Nahodha, alijilaumu mwenyewe. Muuza nyama, mtu mwenye mikono kama magogo, alitoka mle ndani akiomba radhi: “Samahani sana, Nahodha, nimekuaibisha mbele ya watu wa meli.”

“Usijali,” Nahodha alimpigapiga bega. “Nitawaeleza.”

Waliopita pale ni sita: muuza nyama, kinyozi, fundi cherehani, mwalimu wa udereva, karani wa mahakama na mpambaji wa maharusi. Sita. Kila mmoja aliona haya kumwambia mwenzake, na haya zao ndizo zilizokuwa mlinzi wa Nahodha. Pesa zao zote zilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, akisubiri kidogo tu zitoshe ahamie mji mwingine kabla hawajaanza kuongea.

Na kipeperushi? Hicho kilikuwa cha kumpa mteja akishike. Mtu akishika karatasi inayong’aa anatulia. Nahodha alikitoa kwenye mtandao, akabadilisha jina juu, akaweka nanga pembeni. Kusoma hakusoma. Na wateja nao hawakusoma. Kinyozi alikitundika karibu na kioo, karani alikilaza chini ya godoro kisikunjike, na muuza nyama alikitumia kufukuzia nzi.

Sasa akaja Mama Mizani.

Mama Mizani alikuwa na duka la nafaka ng’ambo ya barabara. Jina alilipata kwa sababu ya mizani yake, ambayo kila mtu alijua ina uzito wake binafsi, na kidole gumba chake, ambacho hakikukaa mbali nayo. Alipanda ngazi akitweta, akaketi bila kukaribishwa, akatoa daftari la shule lenye kalamu imefungwa kwa uzi.

“Mwanangu, nataka meli.”

“Pasipoti, mama.”

Alimpa. Miezi minne. Nahodha alitabasamu mpaka jino la nyuma.

“Una bahati, mama yangu. Kimebaki chumba—”

“Sitaki kimoja. Nataka kumi na viwili. Nina kikundi changu cha akina mama, wana hamu ya bahari mpaka wanaota wamelowa. Nusu bei, sivyo?”

Nahodha alivuta kiti karibu. Kumi na wawili! Hapo si kuhama mji, hapo ni kununua mji.

“Lakini,” akasema Mama Mizani, akilamba ncha ya kalamu, “wanawake wangu hawaamini mdomo. Wanataka tiketi moja ya kweli, wapige simu kwa watu wa meli, waambiwe ndiyo, jina hili lipo. Nikate mimi, kiongozi wao. Wakisikia hivyo watatoa pesa siku hiyo hiyo, mkononi.”

“Utalipa wewe hiyo ya kwanza?”

“Nilipe mimi, halafu nimshawishi nani? Wewe ndiye mwenye biashara, baba. Kama huna uwezo niambie, kuna mwingine mtaa wa pili.”

Mtaa wa pili hapakuwa na mwingine. Nahodha angejua hilo kama angetulia, ila alikuwa anazidisha kumi na mbili kichwani. Alizidisha, akaangalia tena tarehe ile ya pasipoti. Miezi minne. Tiketi ya kweli kwa jina la mtu asiyeweza kupanda! Ni kama kumpa kipofu kioo. Akatoa pesa zote za mfuko wa ndani, za nyama, za nywele, za cherehani, za magari, za mahakama na za harusi, akanunua chumba halisi kwenye meli halisi.

“Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi,” alisema Mama Mizani, akimnyooshea kalamu.

“Nani kakufundisha hayo?”

“Si hiki kikaratasi chako? Kinasema na namba ya pasipoti hujazwa dirishani siku ya safari. Mbona una mambo mazuri, mwanangu! Nimekisoma mara tatu.”

Hapo, mtu mwenye akili timamu angeteremka ngazi mbio akatafute kipeperushi chake akisome. Nahodha alifurahi. Alidhani amesifiwa.

Zikapita wiki saba. Kila alipouliza pesa za akina mama, Mama Mizani alikuwa na jibu: leo mmoja anaumwa, kesho mwingine ana mgeni, keshokutwa wanasubiri upatu umalizike. “Watatoa bandarini, asubuhi ya safari. Mimi nitakuletea zote kwenye kopo moja. Unaogopa nini, kwani meli inakimbia?”

Asubuhi ya safari, ukumbi wa abiria ulijaa masanduku ya magurudumu. Nahodha alifika mapema, vipande vyake vya dhahabu vikimeta hadi wageni wawili wakamuuliza choo kiko wapi. Mpango wake ulikuwa rahisi: apokee kopo, amkague Mama Mizani, amwangushe kwa miezi sita, na wakati akina mama wanalia yeye awe ameshapanda basi.

Mama Mizani akaingia. Kofia pana, miwani ya jua, sanduku jipya. Kwapani kopo la biskuti, limezungushiwa utepe wa gundi raundi nne.

“Wenzako wako wapi, mama?”

“Wako nje wanaagana na waume zao. Unajua wanaume, bado hawajaelekezwa chumvi iko wapi. Shika. Usilifungue hapa, watu wengi.”

Nahodha alilipokea. Zito! Alilikumbatia kama mtoto aliyepona homa. Sasa ilibaki ukaguzi tu. Akavaa miwani yake.

“Pasipoti, mama. Utaratibu.”

Alipewa. Akaifungua polepole, mkono mmoja tayari kifuani. Pasipoti ilinuka gundi mpya. Akafunua. Tarehe ya mwisho ilikuwa mbali kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa siku ile angeifikia akiwa anavaa viatu vya kaka yake.

“Hii… hii si ile.”

“Ile nimeirudisha, nikapewa mpya. Si ndiyo namba moja kwenye kikaratasi chako? ‘Hakikisha pasipoti ina angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi.’ Nilikimbia siku ile ile, nikapanga foleni na chai yangu. Wewe mtoto una msaada!”

Jasho lilimshuka Nahodha ndani ya kola.

“Kadi ya chanjo?”

“Hii, ya njano.”

“Bima ya safari?”

“Hii. Na viza hii hapa, na kurasa tupu mbili za mihuri, hesabu.”

“Dawa zako?”

“Mkoba wa mkononi, sio sandukuni, na karatasi ya daktari. Namba sita.”

“Nakala!” Nahodha alikuwa anazama sasa, anashika kila kinachoelea. “Nakala za pasipoti uko nazo?”

“Moja mkobani, moja sandukuni, moja nimemwachia mtu ninayemwamini nyumbani. Namba nane.” Akachukua pasipoti yake mkononi mwa Nahodha. “Haya, baki salama, mwanangu. Na ujifunze kuogelea.”

Akaenda dirishani. Binti wa dirishani akasoma tiketi, akasoma pasipoti, herufi kwa herufi, akaandika namba, akagonga muhuri. Geti likafunguka. Kofia ile pana ikapanda ngazi ya meli taratibu, ikageuka juu, ikapunga.

Nyuma ya Nahodha watu walipiga makofi. Akageuka. Hawakuwa wanawake kumi na wawili. Walikuwa muuza nyama, bado na aproni yake, kinyozi, fundi, mwalimu wa udereva, karani na mpambaji wa maharusi, wamejipanga kama wa kupigwa picha ya familia.

“Yule ni dada yangu,” alisema muuza nyama kwa upole. “Mimi aibu nilimweleza yeye tu. Naye akaenda kuwauliza wengine mmoja mmoja, kila mtu na kilo yake ya maharage.”

Nahodha akauchana utepe wa lile kopo kwa kucha. Ndani mlikuwa na vipeperushi vyake, vya leminesheni, vimepangwa vizuri, kimoja kina nywele, kimoja kina damu ya ng’ombe. Chini yake changarawe, zilizopimwa vizuri, kwa mara ya kwanza bila kidole gumba. Na juu ya yote nakala ya pasipoti mpya ya Mama Mizani, pamoja na kipande cha daftari: *Mtu ninayemwamini nyumbani ni wewe. Nikipoteza pasipoti nitakupigia, utume hii. Usizime simu.*

“Samahani sana, Nahodha,” alisema muuza nyama, akimpigapiga bega kwa ule mkono wa gogo. “Tumekuaibisha mbele ya watu wa meli?”

Siku hizi Nahodha anabeba mapaja ya ng’ombe buchani, kutoka kwenye gari hadi kwenye ndoano, na shati jeupe halikumvumilia wiki. Simu yake haizimwi, muuza nyama anahakikisha. Mama Mizani alirudi amenenepa, akawaletea wale sita kadi moja ya picha ya bahari, wazunguke nayo kwa zamu. Walipouliza pesa zao ziko wapi, alishangaa sana.

“Si nimezisafirisha? Mlitaka zikae tu bila kuona dunia?”

Kisa hiki nilikuwa nakisimulia juzi dukani kwa Dada wa Fotokopi, mbele ya wateja wasiopungua wanane, na nilikuwa nimefika pazuri. Niliwaambia kwamba mjini hapa kuna wajinga sita tu, na mimi ningeingia chumba kile ningemsoma yule bwana kabla hajasema “pasipoti”. Watu walicheka. Nikawaongezea mambo ya kopo, na vile vipeperushi sita.

“Saba,” alisema Dada wa Fotokopi, bila kuinua kichwa kwenye mashine.

“Sita, dada. Muuza nyama, kinyozi…”

“Nilipitisha vinane kwenye leminesheni. Chake Mama Mizani alisafiri nacho, na saba tulivipanga kwenye kopo hapa hapa. Kimoja kilipelekwa dukani kwa Mama Mizani na mtu aliyevuta kofia mpaka puani, akaomba asitajwe.” Akavuta droo, akapekua, akaweka bahasha ndogo juu ya kaunta. “Na hizi picha za pasipoti, vipande vinane, ukuta mweupe nyuma, mtu kanyoosha shingo kama anapimwa kola. Zina miezi hapa. Ni za nani?”

Wateja wanane walisogea kutazama. Kisha wakanitazama mimi. Kisha picha tena.

“Ulibakiza miezi mingapi?” akauliza mzee mmoja kwa huruma.

“Mitatu,” nikasema. “Na nusu.”