Usafi wa Kompyuta ya Mama Shantaben

Jumatatu, 6 Oktoba
Kompyuta ya steshenari imegoma. Diski imejaa! Mama Shantaben, bosi wetu, kasema atakayeisafisha vizuri ndiye atakayesimamia duka jipya la Msalato. Hilda, mwenzangu wa kazi, akafungua mdomo. Nikamuwahi! Ni kweli yeye ndiye aliyetuwekea Linux, mfumo unaoiendesha hiyo kompyuta, na anaijua, sibishi. Lakini Msalato ni yangu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeandika amri ya kufuta programu za zamani, kama ninavyomwonaga Hilda. Ikaleta orodha ndefu, ikauliza ndiyo au hapana. Ndiyo, bwana! Nikanogewa. Nikafuta kila chenye jina nisilolijua. Fonti, yaani herufi, za Kigujarati? Hapa Ipagala nani anazisoma? Ondoa! Nafasi tele. Mama kanisifu mbele ya wateja. Hilda akauliza kama niliisoma ile orodha. Wivu tu, maskini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Mama kaja na bintiye, Krina, kuchapa kadi za harusi yake binti. Kwa Kigujarati. Vimetoka visanduku vitupu, mstari kwa mstari. Akaniuliza, kwa upole kabisa, bwana harusi ni kisanduku kipi. Nikasema printa ina vumbi. Nikaifuta. Nikaifuta tena. Wajomba wa bwana harusi wako kwenye benchi, wananitazama. Krina akaanza kulia. Hapo hata mimi niliumia.

Akaja Hilda. Jamani, yule dada! Hakunisema hata kidogo. Kaangalia nilichofuta, karudisha fonti kwa amri moja. Kisha akausafisha uchafu wenyewe. Kwanza anaiagiza kompyuta imwoneshe kitakachoondoka, bila kugusa kitu, halafu anasoma jina mojamoja, kidole kwenye kioo, kama anachambua mchele. Nikasahau kabisa kumchukia. Kadi zikatoka safi, Krina akamrukia kumkumbatia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hilda kapewa Msalato. Anastahili, nasema kwa moyo mweupe. Karibu mweupe. Akiaga, kanisihi: kaka Lameck, soma kwanza ndipo ujibu ndiyo. Nikamwahidi.

Mchana nimegundua kitu ambacho hata yeye hakunionesha! Ukiongeza herufi moja tu kwenye amri, kompyuta inajijibu ndiyo yenyewe. Haikuulizi chochote! Muda wote ule tulikuwa tunahangaika kusoma.

Nimeanza na kompyuta ya Mama mwenyewe, ile ya ofisini kwake. Iwe zawadi yangu ya harusi.