Kiwiko cha Daktari wa Masikio

Jumatatu, 6 Mei

Nimeitwa! Studio ya kurekodi vitabu vya sauti inataka fundi mmoja, na tumebaki wawili: mimi na binamu yangu, Bwana Najua. Alhamisi tunapimwa masikio, kuanzia sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Atakayesikia zaidi ndiye fundi. Mimi nimesomea sauti. Yeye amesomea kujisifu.

Nalala mapema. Mdogo wangu anakoroma kama mashine ya kusaga, hivyo nimeshindilia pamba masikioni.

Jumanne, 7 Mei

Msiba! Asubuhi nilitoa pamba (kidogo tu, nilidhani niliweka nyingi), nikajipima kwa simu. Sauti nyembamba ya hezi elfu nane: kimya. Elfu kumi na mbili: kimya cha kaburi. Mdogo wangu akaja mbio ameziba masikio, akauliza kama nataka kumpasua kichwa. Nikadai nilikuwa nampima yeye. Nimeduwaa. Msichana mbichi, na masikio yameshastaafu!

Halafu Mama naye leo ananong'ona tu. Ananificha jambo.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwa daktari wa masikio kupeleleza, nikijifanya nauliza saa za kufungua. Anayepimwa humpa daktari kisogo, kifungo mkononi, akisikia, anabonyeza. Lakini ukutani mbele yake ipo picha ya sikio yenye kioo. Na ndani ya kioo: kiwiko cha daktari! Kila akitoa sauti kwa mashine yake, kiwiko kinapanda.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni msitu.

Alhamisi, 9 Mei

Ee Mungu wangu!

Bwana Najua alitoka anatabasamu, akasema kitu. Nikamjibu asante. Kumbe alikuwa ananiuliza saa.

Nikaketi. Kiwiko juu, nabonyeza. Kiwiko juu, nabonyeza. Mambo shwari! Ghafla daktari akaja mbele yangu, macho yamemtoka, akapaza sauti kwamba mashine ameizima kitambo. Hapo mwisho alikuwa anajikuna shingo. Mbu.

Nimewasikia mbu wake wote.

Akanichungulia masikioni kwa kurunzi, akachukua kibano, akavuta. Pamba! Bonge kulia, bonge kushoto. Mara dunia nzima ikapiga kelele: feni, viatu, Bwana Najua nyuma ya mlango akicheka hadi anakohoa. Daktari akanijaribu kwa sauti moja nyembamba kama sindano. Nikaisikia! Masikio yangu ni mazima!

Kumbe Mama hakuwa ananong'ona. Alikuwa anafoka.

Ijumaa, 10 Mei

Daktari amenihurumia: narudia Jumatatu, mara ya mwisho. Mama amesema, masikio ninayo, niende nikasikilize tu, basi. Nimemwitikia vizuri kabisa.

Kisha nikajifungia chumbani, nikatafakari kwa kina nilikosea wapi. Nimepata. Kile kioo kina vumbi! Ningewezaje kutofautisha kupima na kujikuna?

Jumatatu naenda na kitambaa.