Tone la Udongo wa Mikumi

Jumatatu, 12 Julai 1976. Masanze. Mwaka wa kumi na mbili tangu tuhame Mikumi kupisha mbuga. Sijalala tena. Nikifumba macho nakiona kisima chetu; sasa nyati ndio wanaokunywa humo. Mke wangu Bibiana amechoka na kugeukageuka kwangu. Nisipopata usingizi kufikia Jumapili, anahamia kwa dada yake huko Kisanga.

Lakini ninacho kitabu! Kinafundisha homiopathi: kinachomfanya mtu augue ndicho kimponyacho, mradi kiwe kidogo mno. Dawa ikizimuliwa zaidi kwa maji, nguvu yake huzidi. Fikra ya ajabu! Ugonjwa wangu ni Mikumi. Basi dawa ni udongo wa Mikumi.

Jumanne, 13 Julai. Jirani yangu Kondo anakwenda Mikumi kwa lori la pamba. Nimemwagiza udongo, kijiko kimoja tu. Akauliza, kwani mzee, wa Masanze umekwisha? Hana falsafa.

Alhamisi, 15 Julai. Udongo umefika! Nimeukoroga kwa maji, kisha nimeuzimua: tone moja kwenye chupa ya maji, tikisa, tone la hiyo kwenye chupa nyingine, tikisa tena. Mkono umekufa ganzi. Nikampelekea Hildegarda, muuguzi wa zahanati. Akaniamkia shikamoo, kisha akanipa somo. Alisema chanjo nayo huingiza kidogo cha ugonjwa, mwili ukajifunza, ukakumbuka miaka mingi. Hata homa ni mwili unapigana. Nusura nimkumbatie! Kitabu changu na damu yangu vinasema jambo moja! Akaongeza kwamba ndani ya chanjo mna kitu, mzee wangu, lakini humu mna maji tu. Nichemshe kwanza. Nimechemsha. Nimekunywa.

Ijumaa, 16 Julai. Nimelala! Bibiana aliniamsha kwa kunitikisa, akidhani nimekufa.

Jumapili, 18 Julai. Bibiana hakufunga mzigo. Ila Kondo amekuja, anacheka. Lori liliharibika njiani, Mikumi hakufika. Aliona haya kurudi mikono mitupu, akachota udongo nyuma ya banda lake la mbuzi. "Umeponywa na Masanze, mzee! Karibu nyumbani!" Bibiana alicheka mpaka akakaa chini.

Nikala ugali wangu. Ndipo nikang'amua! Dawa ya Mikumi isiyo na hata chembe ya Mikumi: mzimuo gani uushinde huo? Hata aliyeandika kitabu hakufika huko! Kesho namweleza Hildegarda.

Na kwa kuwa kuiona Mikumi kutavuruga dozi, sitarudi.