Kitanda cha Kujifungulia Kimegeuzwa Meza ya Chai

Stoo Kuu ya Vifaa,
Mlango unaotazamana na dobi.

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali.

Ndugu Mganga Mkuu,

Kuhusu: Wanawake kujifungulia popote wanapojisikia ilhali kitanda kipo

Natumaini barua hii inakukuta mzima na uvimbe wa miguu umepungua. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa. Ni mtunza stoo wako, mwaka wa thelathini na moja sasa, yule ambaye wauguzi humwita Bwana Kufuli, nami jina hilo nimelipokea kama cheo. Sijawahi kukulalamikia kwa maandishi isipokuwa mara moja, kuhusu paka, na paka aliondolewa.

Utakumbuka kitanda chetu cha sasa cha kujifungulia. Nilikiandikia barua miaka tisa. Kilipofika nilikivua makaratasi kwa mikono yangu, nikakitia mafuta kwenye bawaba na kukiandika namba. Siku wageni walipokuja kukikabidhi, wakunga walitazamana nani apande, nikaona aibu hii ya nini, nikapanda mimi. Nililala chali, miguu nikaipandisha kwenye vile vyuma viwili, hotuba zikaendelea. Zilipokwisha nikashindwa kushuka. Walinishusha watu wawili, na kiuno hakikunisamehe kwa muda wa wiki mbili. Nalitaja hili ili uone uimara wa kitanda: mwanamume wa kilo tisini hakufurukuta. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mimi nimekilalia, na ninayo haki ya kusema.

Sasa, tangu ahamishiwe kwetu yule mkunga mfupi, ambaye wazazi wamempa jina la Mama Mkeka, mambo yamekwenda kombo. Amekuja na mkeka wake, akautandika sakafuni juu ya godoro jembamba, kisha akafunga shuka kwenye boriti ili wenye uchungu waning'inie. Mama akiingia humwambia, "Kaa unavyosikia nafuu, mwanangu." Basi mmoja atachuchumaa, mwingine atalala ubavu, mwingine atainama kwa mikono na magoti kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Madhara yake ni haya yafuatayo.

1. Kitanda kinadhalilishwa. Jumatatu iliyopita nilipeleka glavu, nikakuta juu yake chupa ya chai, sweta na kitabu cha zamu. Kwenye chuma cha mguu wa kushoto paliangikwa mwavuli. Chini, palepale, mwanamke alikuwa amepiga magoti akiendelea na shughuli zake. Nilitoka haraka kwa heshima, lakini mwavuli nilikuwa nimekwisha kuuona.

2. Hadhi ya madaktari inashuka, tena inashuka mpaka sakafuni. Zamani mama alilala, daktari akasimama, na kila mtu akajua nani ni nani. Leo daktari wetu kijana lazima achuchumae, apinde shingo, aongee kwa upole. Suruali zake zimetoboka magotini. Juzi alimwambia mzazi mbele ya watu, "Hongera, umefanya kazi kubwa." Kama kazi kaifanya mzazi, mimi na wewe tunaamkia nini kila siku?

3. Nyuzi. Hapo nyuma nyuzi za kushonea zilitoka stoo kila asubuhi. Mama alichanika, akashonwa, akarudi kwake ametulia, hatembei hovyo. Sasa Mama Mkeka anakanda msamba kwa kitambaa cha maji ya moto, anamzuia mama asisukume kwa pupa, anamwambia apumue tu, na mtoto anatoka taratibu. Wengi wao hawaguswi na sindano hata kidogo. Wiki iliyopita alipatikana mmoja aliyechanika kidogo, nikafarijika, kumbe hata yeye alihitaji mishono miwili tu. Mchana wake nilimkuta mzazi mwingine kwenye benchi la mapokezi, amekaa kwa makalio yote mawili, anamenya ndizi. Kajifungua alfajiri! Nilisimama pale nikimtazama kwa huzuni, yeye akadhani nataka ndizi, akanipa.

4. Wanawake wanaridhika kupita kiasi. Ile Fomu ya Maoni ya Mzazi huhifadhiwa kwangu. Miaka yote, kwenye swali la kama ameridhika, mzazi aliandika "Nimepona, asante," au aliacha wazi, na kabati likafungika vizuri. Sasa wanajaza mbele na nyuma na kuomba karatasi ya nyongeza. Mmoja ameandika neno moja tu: "Niliulizwa." Kalipigia mistari miwili. Aliulizwa nini? Na nani? Hakueleza. Fomu hiyo mpaka leo iko mezani kwangu kwa sababu sijui niiweke jalada gani.

5. Hili ndilo zito kuliko yote. Katika kikao cha mwezi Mama Mkeka alisema kwamba mama akiwa wima mtoto hushuka kwa urahisi, kwa kuwa ardhi nayo inasaidia kumvuta. Nilirudi stoo nikapekua daftari la vifaa tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna mvuto wa ardhi uliowahi kupokelewa katika hospitali hii. Haukusainiwa, haukupewa namba, wala haijulikani unaharibika lini. Kifaa ambacho hakikupita stoo kinatumika leba mchana kweupe, na hakuna anayeshtuka.

6. Mwisho ni la nyumbani kwangu. Binti yangu, kifungua mimba wetu, anatarajia mtoto wake wa kwanza mwishoni mwa mwezi huu, hapa hapa. Nilimwahidi kitanda tangu mimba ikiwa changa. Amekikataa! Anasema amesikia habari za mkeka, na kwamba anaogopa kuchanika. Mama yake alizaa wanne katika leba hii, wote chali, wote kwa kushonwa, na hajanung'unika hata siku moja. Tena mke wangu mpaka leo tukikaa mahali hukalia upande mmoja, upande wa kwangu, akaniegemea. Majirani hutusifu kwa kupendana uzeeni. Mimi ni baba, nataka binti yangu naye apate ndoa ya namna hiyo.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba yafuatayo. Mama Mkeka ahamishwe kabla ya mwisho wa mwezi, ikiwezekana aende kitengo cha macho, ambako wagonjwa hukaa vitini na kutulia. Mkeka uletwe stoo ufungiwe. Mvuto wa ardhi usitishwe leba mpaka utakapopokelewa kwa utaratibu. Na mwanamke yeyote atakayeona kitanda hakimfai apimwe upya, kwani kitanda tulikwisha kukipima na hakina kasoro.

Nisalimie mama watoto, walinzi wa getini, watu wa dobi wote, na yule daktari kijana; mwambie nina kipande cha kitambaa kigumu kinachofaa kiraka. Nakutakia afya na miguu myepesi.

Wako katika kutunza na kufunga,
Mtunza Stoo.

Tanbihi: Barua hii ilikaa mfukoni mwangu siku tatu ikisubiri mhuri. Jana asubuhi binti yangu akashikwa na uchungu, nikampeleka leba mwenyewe ili pasiwe na ubishi. Niliondoa chupa ya chai, nikapangusa kitanda, akapanda kwa kunionea huruma. Uchungu ulipomjia pale amelala chali, alitoa ukelele ambao naujua. Nimeusikia mara nne kwa mama yake, kupitia ukuta wa stoo, na mara zote nne niliendelea kupanga glavu. Safari hii hapakuwa na ukuta.

Nilimshusha mimi mwenyewe. Mama Mkeka akasema, "Baba, lete kile kiti chako cha stoo, kaa, na usitikisike." Nikakaa. Binti akapiga magoti mbele yangu, akanikumbatia kiunoni, kichwa akakilaza mapajani mwangu, nami sikuona kitu ila kisogo chake. Kwa muda wa saa nzima mimi ndiye niliyekuwa kitanda. Mjukuu ni wa kike, na mama yake hakuchanika. Kitanda nacho nakiri kimetumika: miguu ilikufa ganzi kwa kukaa, wakanilaza juu yake, na walinishusha watu wawili.

Mke wangu alipofika alimkuta binti amekaa wima kwenye kiti changu, ananyonyesha. Hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama jinsi binti alivyokaa, kisha akalia. Nilimwuliza kulikoni, akasema, "Miaka ishirini na minane sijakaa hivyo." Nikamwambia mbona hakunieleza siku zote hizo. Akanijibu kwamba sikumwuliza, wala pale leba hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo, Ndugu Mganga Mkuu, tafadhali yasome yaliyo chini ya sahihi na uyaache yaliyo juu yake. Mama Mkeka abaki. Mkeka ni mmoja na wazazi ni wengi, naomba uniidhinishie mingine mitatu. Na jambo la mwisho, ambalo nalileta kama mume, si kama mtunza stoo: mtu aliyeshonwa vibaya miaka mingi iliyopita, je, bado anaweza kutibiwa? Kama anaweza, naomba umwekee mke wangu nafasi. Nimemwuliza kwanza. Amekubali.